Kando

Alhamisi, saa kumi na moja na robo, maabara ya fizikia,
maana kanisani kwaya kuu inajifua kwa ajili ya tamasha
na spika zao hazijui kunong'ona.
Tuko tisa. Tumekalia stuli ndefu, miguu inaning'inia.
Mezani kuna mizani ya shaba, harufu ya spiriti,
na kinanda cha Nakijwa, kile alichotoka nacho Same
kimefungwa kwa kanga, kitufe kimoja kimezama hakirudi.

Aminieli, mwenyekiti wetu, alikuwa amekataa.
"Muziki usio na maneno," alisema, "ni uji usio na sukari.
Tena watu watasinzia."
Nakijwa hakubishana.
"Tusome mstari mmoja. Mimi nitapiga taratibu.
Atakayesinzia, basi, atakuwa amesinzia penye Neno."

Akaanza.
Vidole viwili vya mkono wa kushoto, vinapanda, vinashuka,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi
na hana haraka ya kuipata.
Baadaye alikiri: alijua vipande vinne tu vya wimbo ule,
na cha tano kilipita kwenye kitufe kilichokufa,
ndiyo maana kila akifika pale alirudi mwanzo.
Sisi tulidhani ni ufundi.

Zaburi ile. Mnaijua.
Hata mimi niliisema yote, shule ya Jumapili, kule Uru,
kwa pumzi moja, nikapewa daftari na penseli yenye kifutio.
Tangu siku ile sikuisikia tena.
Ilikaa mdomoni kama jino,
na jino hulikumbuki mpaka likuume.

Anaeli akasoma. Kinanda.
Akasoma tena, safari hii kama anayevuka kwa kukanyaga mawe.
Kinanda.
Mara ya tatu neno moja likabaki mlangoni,
likakataa kuingia na wenzake:
kando.
Si ndani ya maji. Si ng'ambo ya maji.
Kando.

Nikamwona shangazi Ndeshi, usiku wa zamu yetu ya mfongo,
kurunzi kwapani, gauni limelowa hadi magotini,
anatembea toka kwenye banio mpaka shambani kwetu
akizibua majani ya mgomba,
hasemi kitu, anayasindikiza maji
kama unavyomsindikiza mgeni asiyeijua njia.
Nami nyuma, nimeshika ncha ya khanga yake.

Kinanda kikafika penye kitufe kilichokufa. Kikarudi.

Nikakumbuka nilivyowekwa kando na kwaya:
sauti yako nzito, haichanganyiki, jaribu mwakani.
Nikakumbuka Mawenzi, wodi ya akina mama,
dripu inahesabu, mama amegeukia ukuta,
nami kando ya kitanda siku nne
nikijilaumu kwamba sifanyi lolote,
nimekaa tu.

Nimekaa tu.

Kikarudi tena mwanzo.

Sikulia. Anaeli alilia, si mimi.
Nilishika ukingo wa meza, pale mtu wa zamani
alipochonga fomula kwa ncha ya bikari,
nikaipapasa herufi kwa herufi,
nikawaza: kumbe kando napo ni mahali.
Kumbe pana mwenyeji.

Aminieli alikuwa amelala kweli,
kichwa juu ya mizani, anakoroma nje ya mapigo,
na Nakijwa, kwa upole wake,
akapunguza mwendo ili amsubiri.

Kengele ya bwalo ikagonga. Maharage.
Njiani mwenyekiti akajifuta shavu lenye alama ya shaba,
akaniuliza, kama anayekagua mahesabu:
"Haya, umepata nini?"
"Neno moja."
"Saa nzima? Moja tu?"
"Na bado sijalimaliza."